Dagaa ndo wanaanikwa, sio mtu

Swali: Shikamoo shangazi. Mi ni katibu wa kikoba cha akinamama hapa Ujiji, tupo 22. Mwaka jana mwenzetu alifiwa na mtoto akaacha kuja, tukadhani ana hasira na sisi kumbe alikua ndani wiki nzima hali hasemi, majirani wanasema kapagawa. Alivyopata nafuu tukasema hapana, tutafute sehemu mtu aende akatue mzigo kabla hajafika huko. Mzee mmoja katupa chumba kilichokua stoo ya mawese, kina bati juu, dirisha moja dogo, nje kuna mwembe. Tunataka tuweke bango la AFYA YA AKILI tufungue kila jumamosi baada ya marejesho. Je tununue nini kwanza, viti au feni?

Jibu: Marahaba mwanangu, na huyo mwenzenu mfikishie salamu zangu, mwambie nimemsoma. Nlivyosoma barua yako nlifurahi mpaka nikaisoma mara mbili, afu nikafika kwenye bango nikaguna.

Bango usiweke. Fikiria mwenyewe, we una mawazo hulali, shemeji yako anauza maandazi ng'ambo ya barabara, utaingia mlango ulioandikwa hivo? Huingii. Zimbabwe walishapita hapo. Kuna daktari anaitwa Dixon Chibanda, alipoteza mgonjwa wake aliejiua, familia haikua na nauli ya kumfikisha hospitali, ikamuuma, mwaka 2006 akaanza kazi na bibi 14 pale Mbare, mtaa wa Harare. Ndani ya kliniki hakupewa chumba kwaio wakakaa nje kwenye benchi chini ya mti. Yeye akaliita benchi la afya ya akili na watu hawakulikalia, bibi wenyewe ndo wakamwambia badilisha jina, likawa benchi la urafiki, watu wakaja. Na wale bibi hawakutumia maneno ya kidaktari, walisema kufungisisa, kwa Kishona ni kuwaza kupita kiasi, ambayo na sisi tunasema ana mawazo na kila mtu anaelewa. Baadae wakafanya utafiti na watu 573 kwenye kliniki 24 za Harare, ukatoka 2016: baada ya miezi sita waliokaa na wale washauri asilimia 14 hivi ndo walikua bado na sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, wale waliopata huduma ya kawaida ni karibu asilimia 50. Benchi tu na mtu aliefundishwa kusikiliza. Hilo la kufundishwa usiliruke, mwombeni mtu wa ustawi wa jamii au muuguzi wa akili awafundishe wawili watatu wenye kifua cha siri, sio wote 22.

Sasa jumamosi baada ya marejesho, hapo napinga kabisa. Mwenye mawazo mara nyingi ndo huyo huyo hajalipa, siku ya marejesho ndo siku anayojificha, na nyie mnataka aje alie mbele ya mweka hazina! Tafuta siku nyingine, na pale mahali pawe na kazi nyingine ya kueleweka, kuchambua dagaa, kusuka mikeka, kuchambua maharage, ili mtu akiulizwa unatoka wapi aseme natoka kusuka. Na mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka wenyewe, we si unajua msibani jikoni ndo panaongelewa ya kweli kuliko kule kwenye turubai.

Chumba chenyewe. Nyumba zetu nyingi hazina dari, ukuta unaishia chini ya bati, sauti inapanda inavuka inaangukia kwa jirani. Jaribuni hivi, mmoja akae ndani aongee kawaida, mwingine akae chumba cha pili, akisikia hata nusu basi hela ya feni iende kwenye dari. Dari inasaidia na joto la bati, na mvua zikianza, maana masika yetu yakigonga bati hamsikilizani hata mkipiga kelele, na mtu hawezi kusema jambo la aibu kwa kupiga kelele. Kiangazi tokeni nje mkae mwembeni, ila upande ambao hauangalii barabara.

Na hilo dirisha likuzwe lielekee huo mwembe. Kuna Mmarekani Roger Ulrich alichapisha mwaka 1984 habari za wagonjwa wa hospitali moja ya Pennsylvania waliopasuliwa mfuko wa nyongo, 23 kitanda kilitazama miti na 23 walitazama ukuta wa matofali, wa miti walitoka mapema na walihitaji dawa kali za maumivu chache kuliko wale wa ukuta. Ule ulikua upasuaji sio msiba, sisemi mwembe unatibu huzuni, ila jicho lililochoka linahitaji pa kutua. Miembe ya Ujiji wageni wanaijia kwa ajili ya Livingstone na Stanley waliokutana hapo 1871, kivuli ni cha kwetu.

Viti msigawane mmoja kiti mwingine mkeka, ataona kaitwa kwa mjumbe. Wote mkekani au wote kwenye benchi, bega kwa bega, sio kutazamana usoni kama mahojiano ya polisi. Na yeye akae karibu na mlango, we usiuzibe.

Afu kitu ambacho wengi wanasahau na mi nakiweka cha kwanza kununua: beseni, maji, kitambaa, na kitenge kisafi kimetundikwa msumarini. Mtu akilia anawe uso, ajifunike kidogo, akitoka asibebe macho mekundu mpaka sokoni. Choo kiwe na komeo.

Akisikia sauti ambazo wengine hamsikii, au akisema heri nife, hapo mkeka hautoshi. Msimwache peke yake, mpelekeni hospitali ya Maweni au kituo cha karibu siku hiyo hiyo, na 199 ya Wizara ya Afya inapigwa bure.

Swali: Shangazi mbona wanaume mnatusahau? Mi nipo mwalo wa Kibirizi, 2024 ziwa Tanganyika lilivyofungwa tusivue Mei mpaka Agosti nlikaa nyumbani bila hela, nikawa naogopa hata kuongea na mke wangu, sehemu pekee ya kwenda ilikua kilabuni.

Jibu: Mdogo wangu pole, na umesema kweli. Kilabuni kuna kivuli, benchi na watu wa kukusikiliza, ndo maana mnaenda, tatizo ni kile kilichopo kwenye glasi. Nyie mnavua usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikikomaa mnapumzika, basi siku hizo ndo zenu. Ongea na mwenyekiti wa mwalo mpate kibanda cha kushonea nyavu, kiwe mbali kidogo na wanunuzi wa dagaa, mtungi wa maji na kahawa. Mshone, mkiwa wawili wawili upande mmoja wa wavu. Ukianza wewe kusema ya 2024, wa pembeni yako atasema ya kwake.