Kuzikwa kihambani si kosa

Umeuliza kama Mkatoliki akizikwa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, badala ya makaburi ya parokia anakuwa amekosa. Hapana, ndugu. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1240, inasema pasipo na makaburi yaliyobarikiwa, kila kaburi libarikiwe peke yake. Ndiyo maana huku Kibosho, Kilimanjaro, utamwona padri akinyunyizia maji ya baraka shimo lililochimbwa katikati ya migomba.

Masale pembeni ya kaburi? Kwetu Wachagga ni jani la mmea tunaoupanda mipakani, na la kuombana msamaha, mimi sioni shida (bibi yangu angekushangaa kwa kuuliza). Ila kumwaga mbege, pombe yetu ya ndizi, ili marehemu asiwadhuru, hapo kaongee na padri wako. Mwombeeni Misa tu.