Hedhi imechelewa na kipimo kinasema sina mimba

SWALI

Sista, habari ya kazi. Nina miaka 23, ni msusi kwenye saluni huku Kayole. Siku zangu huja kila baada ya siku 28 au 30, hazijawahi kunisumbua. Mara ya mwisho zilianza tarehe 3 Septemba. Jumamosi ya tarehe 20 nililala na mpenzi wangu bila kondomu, Jumapili jioni nikameza P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Tarehe 30 nikapima mkojo nyumbani, ukatokea mstari mmoja. Leo ni tarehe 8 Oktoba na bado sijaona kitu. Matiti yananiuma, tumbo linavuta kama hedhi inakuja, lakini haiji. Mwenzangu wa saluni anataka kuniletea dawa ya kushusha hedhi kutoka mjini. Kile kipimo kilinidanganya? Nipime tena lini?

Msusi, Kayole

JIBU

Binti yangu, kipimo hakikukudanganya. Ulipima mapema mno.

Mimba haishiki usiku uleule. Mbegu za mwanamume huweza kuishi ndani yako hadi siku 5 zikisubiri yai. Yai likisharutubishwa huteremka na mrija, na huchukua kama siku 6 hadi 12 tangu lilipopevuka kabla ya kujishikiza kwenye mji wa mimba. Hapo ndipo mwili unaanza kutoa homoni iitwayo hCG, na hiyo ndiyo kipimo kinayoitafuta. Siku za kwanza huwa kidogo sana, kisha huongezeka karibu maradufu kila baada ya siku mbili tatu. Wewe ulipima siku ya 10 tangu ulale naye. Hata kama mimba ingekuwepo, huenda mkojo wako ulikuwa bado hauna cha kuonyesha.

Mwanamke anayezijua siku zake anaweza kupima kuanzia siku hedhi ilipotakiwa kuja ikakosa. Asiyezijua, au aliyemeza P2, ahesabu siku 21 tangu alipolala na mwanamume bila kinga. Kwako wewe ni tarehe 11 Oktoba. Jarida hili likikufikia baada ya hapo, nunua kipimo leo.

Sasa hiyo P2. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisipevuke, ndiyo maana yenyewe inaweza kuisogeza hedhi, mara nyingi si zaidi ya wiki moja. Siku 5 hadi 7 ulizochelewa zinaweza kuwa za P2 tu. Lakini kama yai lilikuwa limeshatoka, P2 haina la kufanya. Jumamosi ile ilikuwa siku ya 18 tangu hedhi ianze. Kwa mzunguko kama wako yai hutoka karibu siku ya 14 hadi 16, ila kuna miezi linachelewa, hata kwa mwanamke ambaye siku zake hazibadiliki. Kwa hiyo sikuambii unayo, wala sikuambii huna. Na matiti kuuma na tumbo kuvuta visikutie hofu wala visikupe moyo: ni dalili za hedhi inayokaribia, za mimba changa, na za P2 vilevile.

Pima asubuhi, kwa mkojo wa kwanza, kabla hujanywa maji mengi. Kinga kwenye kikombe safi, kikavu. Tumbukiza kijikaratasi lakini usivuke alama ya mwisho, kisha kilaze mahali pakavu na utazame saa kwenye simu yako. Soma jibu katika dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi 3 hadi 5. Mstari wa pili ukitokea ndani ya muda huo, hata uwe hafifu, hesabu kwamba mimba ipo. Ukitokea nusu saa baadaye, usiutegemee. Pima tena kwa kipimo kipya. Na kama unaona haya kununua hapo mtaani, nunua kwenye duka la dawa la mbali. Hakuna anayepaswa kukuuliza kitu.

Hiyo dawa ya kushusha hedhi nakusihi usiiguse. Hujui ni dawa gani, hujui kiasi chake, na nimehudumia wasichana walioletwa wakivuja damu baada ya kumeza vitu kama hivyo.

Ukikuta mstari mmoja na hedhi bado haijaja, rudia baada ya wiki. Ukikuta mmoja tena na hedhi haijaja, nenda kliniki. Uzito kushuka, mawazo mengi, matatizo ya tezi ya shingo, vyote huweza kuzuia hedhi. Ukikuta miwili, kliniki pia, na uende mapema, kabla ya wiki ya 12, ukihesabu kutoka tarehe 3 Septemba. Uliza kuhusu vidonge vya asidi ya foliki. P2 uliyomeza haijulikani kumdhuru mtoto. Na kama hujui utafanya nini na mimba hiyo, mwambie mhudumu hivyohivyo, usimfiche.

Lakini maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, maumivu kwenye ncha ya bega, au damu isiyo ya kawaida yako, hayo hayangoji kipimo. Mimba inaweza kuwa imeshika kwenye mrija, na mrija ukipasuka unaweza kupoteza maisha. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na ukifika tu waambie hedhi yako ya mwisho ilianza lini na kwamba ulimeza P2.