Ukimfundisha Mchina neno "uncle", anza na ukoo wake

Hii nawaandikia wenzangu mnaowafundisha Wachina Kingereza, iwe online au palepale Kariakoo, maana kuna hili neno uncle tunalipita haraka sana na ndo linawasumbua kuliko tunavyodhani.

Wengi wamekariri uncle kwa Kichina ni shushu, basi. Sasa shushu kwenye ukoo ni mdogo wake baba tu, kaka mkubwa wa baba ni bobo, kaka wa mama ni jiujiu, mume wa shangazi gufu, mume wa mama mkubwa au mama mdogo yifu, na wote hao Mwingereza kawarundika kwenye uncle moja, kwa hiyo mtu akitaka kumtaja jiujiu anasita kabisa. Hapo sisi tunamwelewa haraka, maana kwetu pia baba mkubwa, baba mdogo na mjomba kila mtu ana kiti chake.

Mimi huwa namwambia achore ukoo wake kwanza, halafu ndo aandike sentensi. Kuna mmoja aliandika kuhusu mwaka mpya wa Kichina, "My uncle gave me money and my uncle cooked fish", nikamuuliza aliyepika ndo huyohuyo aliyetoa hela? Akasema hapana, mmoja bobo mwingine jiujiu! Basi mfundishe hivi, mara ya kwanza aseme "my father's older brother" au "my mother's brother", au aweke jina, Uncle Wei, akishamtambulisha aendelee na uncle. Na U inakuwa kubwa ikiwa na jina, ikiwa na my inabaki ndogo.

Lingine la kukazia, China watoto wanamwita shushu mwanaume yeyote wa makamo, hata polisi ni jingcha shushu. Marekani polisi anaitwa officer, usimwite uncle. Ila Singapore kumwita muuzaji mzee uncle ni kawaida kabisa, kwa hiyo usimwambie ni kosa, mwambie inategemea yuko wapi.

Matamshi nayo, wengi wanaishia na "o" kama anko yetu, sababu Kimandarini, yaani Kichina rasmi, hakina neno linaloishia na l, mwambie ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya juu na ibaki hapo.

Misemo kama "Bob's your uncle" ya Waingereza, yaani mambo tayari, mwachie mpaka akomae.