Si lazima upasue dari, Mwalimu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kikuyu hapa Dodoma. Nyumba yetu ina taa nne za tyubu za futi nne tangu tulipohamia mwaka 1996. Jioni umeme ukiwa mdogo zinapepesa tu bila kuwaka. Mwanangu kaniletea tyubu ya LED, nikaichomeka palepale pa zamani, nayo inamweka na kuzima. Fundi mmoja anasema lazima ang'oe taa zote na kupasua dari. Ni kweli?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Dari yako iache kama ilivyo.

Rudi kwenye boksi la ile tyubu. Mara nyingi huwa na kidude kinachofanana kabisa na stata (kile kikopo kidogo kinachochomekwa pembeni mwa taa), na watu hukitupa wakidhani ni stata ya akiba. Kile ni fyuzi tu, kinapitisha umeme moja kwa moja. Stata ya zamani kazi yake ni kufunga na kufungua njia mpaka tyubu iwake. LED ikikutana nayo ndiyo huko kumweka na kuzima. Zima meinswichi, toa stata, weka hicho kidude, jaribu tena.

Ikiwaka, unaweza kuishia hapo. Mimi ningeitoa na choki, lile pande zito la chuma linalovuma. Taa ya zamani inakula wati 36 za tyubu na kama 9 za choki. Taa zako nne zikiwashwa kwa saa tano kila usiku, ni uniti 27 kwa mwezi. LED za wati 18 zitakula 11 hivi. Tafuta iliyoandikwa volti 100 hadi 240, hiyo haibabaiki umeme ukishuka jioni. Kwa macho ya kusomea chukua kelvini 4,000, ndicho kipimo cha rangi ya mwanga. Zile za 6,500 zina weupe wa kibuluu unaochosha.

Choki aitoe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Kuna tyubu zinazopokea umeme upande mmoja, na nyingine laivu (waya unaoleta umeme) inaingia upande huu, nyutro (waya unaourudisha) upande ule. Mchoro huwa umechapwa. Akimaliza abandike karatasi kwenye taa: "LED tu, choki imetolewa", ili atakayekuja miaka ijayo asichomeke tyubu ya aina nyingine.

Linalonipa wasiwasi zaidi ni swichi. Katika nyumba za zamani nimezikuta nyingi ambazo swichi inakata nyutro badala ya laivu. Nililijua hilo kwa mkono wangu, mwaka wa tatu kazini, nyumba moja ya Chang'ombe. Nilizima swichi ya ukutani, nikapanda ngazi, nikashika waya nikiamini hauna kitu. Nilijikuta sakafuni, mkono wa kushoto una ganzi hadi jioni. Tyubu ya zamani ilikuwa haionyeshi kosa hilo. LED huwa inakuonyesha: umeshaizima, lakini gizani inabaki na mwanga hafifu. Ukiona hivyo, fundi akague swichi kabla hujasema tyubu ni mbovu. Nakuomba sana, Mwalimu, hata kwa kubadili stata peke yake, zima meinswichi. Swichi ya ukutani usiiamini.

Tyubu kuukuu zina zebaki. Ni miligramu chache kila moja, lakini ni sumu, na ndiyo maana mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana utengenezaji wake na biashara yake ya nje vikome ifikapo mwisho wa 2027. Usizitupe kwenye shimo la kuchomea taka, wala wajukuu wasizifanye panga za kuchezea. Ikivunjika, fungua madirisha, tokeni chumbani dakika 15, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu. Ufagio unatawanya vumbi lake. Zile nne zako zifunge ndani ya maboksi ya tyubu mpya. Urefu ni uleule, zitaenea.