Upendo mdogo wangu, nani anawaambia haya mambo ya shule za huku?

Voisi yako ya dakika saba nimeisikiliza kwenye basi natoka shifti, nikairudia nyumbani, na nakujibu hapahapa kwenye grupu maana najua na wengine wa usharikani Kimara mnaamini hivyohivyo. Unasema umeambiwa Uingereza ni nchi ya Kikristo, mfalme mwenyewe ndo mkuu wa kanisa, shule za kanisa bure, watoto wanaanza na sala kila asubuhi, kwa hiyo unatafuta namna Junior aje akulie kwenye maadili. Jamani!

Mfalme kweli. Shule bure kweli. Hata sheria ya ibada ya kila siku shuleni ipo, imeandikwa kabisa kwamba iwe ya Kikristo kwa sehemu kubwa. Ila kwa mwanangu ibada yenyewe ni watoto wamekaa ukumbini wanaambiwa wapendane na watunze mazingira. Na kipindi cha dini usifikirie kile chetu, Waislamu wanaenda na ustaadhi sisi tunabaki na mwinjilisti. Shuleni kwa mwanangu wanakaa wote, wanafundishwa Wakristo wanaamini hivi, Masingasinga hivi, Wahindu hivi, hakuna wa kukwambia we uamini nini. Nilikasirika mwanzoni. Siku hizi siyo sana, maana mtoto anaweza kumweleza rafiki yake Pasaka ni nini, mi darasa la tano nisingeweza.

Kinachoniuma ni somo la mahusiano. Hapa England ni lazima kwa shule zote za msingi tangu Septemba 2020, za kanisa zimo. Familia za kila aina, urafiki, mwili wako ni wako na nani asikuguse, hilo mzazi huwezi kumtoa mtoto. Mambo ya ngono yenyewe kwa msingi siyo lazima, shule ikiamua kuyafundisha unaandika barua mtoto wako anatolewa, haki yako. (Wales kule tangu 2022 wameanza mtaala usio na hiyo haki, kwa hiyo usichukue habari ya sehemu moja ukasema Ulaya nzima.) Na shule inatakiwa iwashirikishe wazazi kwenye sera yake, mseme mnaonaje.

Sasa sikia. Mwaka jana karatasi ya kikao ilikuja kwenye begi la mtoto, Jumanne saa kumi na moja jioni. Mi naingia kazini saa nane mchana natoka saa nne usiku, nyumba ya wazee, nabadilisha nepi na kulisha watu uji. Niliomba ruhusa ya masaa mawili tu, bosi akaniangalia akasema wapo wengi wanaoitaka hii kazi, na viza yangu imeshikwa na hiyohiyo kazi, nikanyamaza. Karatasi ya kumtoa mtoto nikasema nitaisoma kesho, kesho nikachukua ovataimu, na hiyo ovataimu Upendo ndo ada ya Junior ya muhula wa pili, sikusimangi, nataka tu ujue ilitoka wapi.

Wiki mbili baadaye binti yangu, miaka kumi, ananieleza mezani mtoto anavyopatikana, kwa picha na majina yote. Nikamuuliza mbona hukuniuliza mimi kwanza. Akasema, "Nilitaka mama, ila ulikuwa umelala."

Nililia chooni. Tumefundishwa tuwaambie watoto neno tukikaa nyumbani na tukitembea njiani, na mimi nyumbani sikai.

Kanisani kwetu hapa Birmingham tumegawanyika, wapo wanaotaka tuandamane kama wale wazazi wa hapahapa mwaka 2019, wengi wao Waislamu, walioandamana nje ya shule kupinga mafundisho kama haya, mpaka Mahakama Kuu ikawazuia wasisogee karibu na shule. Mi siandamani. Na usije ukasema huko ni bora, sisi tulifundishwa nini? Siku nilipovunja ungo niliambiwa kaa mbali na wavulana, bas, mambo yakaishia hapo. Mwanangu akiguswa na mtu atasema, mimi na wewe tusingesema na unajua namaanisha nini. Kwa hiyo sipingi yote. Napinga mwalimu kunitangulia.

Usije. Na hata ukitaka, njia ya viza ya kea, hii ya kazi ya kutunza wazee, imefungwa kwa wanaoomba kutoka nje tangu Julai 2025. Ukipata njia nyingine halali basi njoo, sitakuzuia, ila usije kwa kazi itakayokunyima jioni na mtoto. Kaa na Junior leo usiku, muulize anajua nini, utashangaa, Kimara na simu zenu mnadhani hajui?

Miongozo mipya ya somo hili la mahusiano inaanza Septemba 2026 kwa hiyo shule inapitia sera tena, kikao Alhamisi ijayo. Safari hii sijaomba masaa mawili, nimeachia shifti nzima. Hela ya mwezi huu itapungua, waambie shuleni kwa Junior nitamalizia mwisho wa mwezi ujao.