Chagua mashua mnayoweza kuishusha majini wawili

Ndugu yangu, umeuliza kama ununue mashua ya tanga ya mita 6.5, yenye mkuku (uti wa chini ya mashua) mzito usiopandishwa na chumba kidogo cha kulala, uwe unaivuta kwa trela kutoka Nyali kila Jumamosi, nawe ndiyo kwanza unajifunza. Mimi nilinunua ya namna hiyo, na kwa mwaka mzima niliingia majini mara nne tu.

Kilichonishinda si upepo, ni ufuko. Mkuku ulishuka zaidi ya mita moja, kwa hiyo ilibidi trela izamishwe hadi gari lenyewe liguse maji, na hapa Mombasa, ambapo bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, pale palipokuwa na kina cha kutosha alfajiri huwa tope tupu ifikapo saa nne au saa tano. Kuusimamisha mlingoti nako kulihitaji watu wanne, na watu wanne hawapatikani kila Jumamosi.

Niliiuza, nikachukua Wayfarer, aina ya mashua ndogo ya tanga, kuukuu ya faibaglasi. Ina urefu wa mita 4.82, chombo kitupu ni kilo 169, na badala ya mkuku mzito ina ubao unaopandishwa kwa mkono maji yakipungua. Mimi na mpwa wangu huishusha kwa nusu saa. Haina chumba, lakini ina nafasi ya kumpakia anayekufundisha, jambo ambalo Laser, mashua ndogo ya mtu mmoja, kwa wepesi wake wote, haikupi. Wala usiidharau: katika miaka ya 1960 Mwingereza Frank Dye aliendesha ya aina hiyo kutoka Uskoti hadi Norwe.

Ukaguzi usiufanye kwa haraka. Mimi niligonga sitaha yote kwa mpini wa bisibisi, na sauti ilikuwa kavu kila mahali isipokuwa karibu na mlingoti, ambapo ilizima kama ninagonga godoro, na nilipokandamiza kwa kidole gumba pakabonyea. Maji yalikuwa yameshaingia ndani ya sitaha. Niliinunua hivyo hivyo, lakini kwa bei iliyobeba gharama ya kupafumua na kupatengeneza upya.

Trela uikague kwa makini yale yale, hasa beringi. Magurudumu yakizamishwa yangali moto, hewa iliyo ndani hupoa ghafla, hunywea na kuvuta maji ya chumvi kupita sili. Beringi za trela ya mashua yangu ya kwanza nilipozifungua nilikuta grisi imekuwa nyeupe kama tui. Siku hizi, nikifika ufukoni, kwanza nafunga matanga na kamba huku beringi zikipoa.

Anza wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, ndani ya hori la Tudor, siku za maji mafu, yaani maji yasiyopanda wala kushuka sana, ambapo maji hujaa karibu na saa nne asubuhi na mkondo hauna nguvu. Mlango wa bahari wakati wa kusi, maji yakitoka na upepo ukiyakabili, uwaachie waliozoea, kwani hapo mawimbi husimama wima.

Ukipata mashua ya kuangalia, hakikisheni kwanza hapana nyaya za umeme juu yenu, kisha mwombe mwenyewe aushushe mlingoti mbele yako, halafu mjaribu kuusimamisha wewe na mwenzako mmoja. Mkishindwa nchi kavu, iache.