Kuwakataza watoto Kiswahili ni kulinda turathi?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Naishi Maskati, familia yetu ilirudi kutoka Unguja miaka ya sabini. Mume wangu amewakataza watoto Kiswahili. Anasema Oman inabadilika mbio, tusiposhika Uarabu watapotea, na kulinda turathi ni ibada. Mama yangu ni mzee, Kiarabu chake cha kubabaisha. Wajukuu humwamkia, kisha kimya. Nikiwasemesha kwa siri nina dhambi?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Hicho kimya mbele ya bibi yao ndicho kilichonikosesha usingizi, dada yangu.

Hofu ya mumeo naielewa. Kufunga kilemba, kusafisha falaj, ule mfereji wa kumwagilia, maji ya mababu yafike mitendeni, ni mambo mema, na mwenye nia njema ana ujira wake. Lakini kusema turathi yenyewe ni ibada, hapana! Ibada haithibiti ila kwa dalili ya Qur'ani au Sunna. Khanjari, lile jambia la kiunoni, imo kwenye bendera ya Oman, na hajapata kutokea mwanachuoni akasema asiyeivaa dini yake pungufu. Ada huachwa iwe ada maadamu haina haramu.

Na Kiswahili kimekosa nini? Mwenyezi Mungu amezitaja lugha zetu mbalimbali kuwa ni katika ishara Zake (Qur'ani 30:22). Mtume (s.a.w.) alimwamrisha sahaba wake Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye Zayd ndiye aliyekuja kuikusanya Qur'ani. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mwanachuoni wa Unguja aliyefariki hapo hapo Maskati 1982, aliifasiri Qur'ani yote kwa Kiswahili. Yeye naye alipoteza Uarabu wake? Hata kumma, kofia ya Kiomani anayovaa mumeo kazini, ni ndugu wa kofia zetu za kutoboa kwa sindano. Amuulize mama mkwe wake, huenda naye alishona. Akiidharau lugha ya watu, hiyo ni asabiya, yaani ubaguzi wa kikabila, na Mtume amesema si katika sisi anayeita kwenye asabiya.

Dhambi huna. Kuunga udugu ni wajibu. Ila siri siipendi, watoto watajifunza kuficha kabla ya kujifunza lugha. Mwambie waziwazi, wakati ametulia, si mbele ya ndugu zake. Kiarabu kibaki lugha ya nyumba, hilo mkubalie. Muombe alasiri tu, wakae na bibi yao awategee vitendawili, naye mwenyewe akaribishwe kahawa. Mama hatangoja mpaka mkubaliane.

Wallahu aalam.